Mdomo wa Kisogoni

Ngendo alikuwa mtu wa hasira, na hakuificha. Katika laini zote, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba lile la kahawa, ukitoka Ruiru kuelekea Thika, hakuna nyapara aliyethubutu kumkemea mara mbili kwa siku moja. Alichuma madebe manne wenzake wakihangaika na la tatu, na ulimi wake ulimaliza mtu kabla hajafungua kinywa. Lakini wiki ile ya Julai, mwaka wa hamsini na nane, hasira zake zilimzidi hata yeye. Wacha niseme ilivyokuwa, na mwenye kuona haya azibe masikio.

Ilikuwa gathano, ule msimu wa baridi ambao ukungu hushuka alfajiri na kukaa juu ya mikahawa hadi saa nne, jua likionekana kwa shida. Jumanne asubuhi Ngendo alikuwa anafunga kikapu chake kiunoni ili aende kuchuma. Binti yake Wamboi, wa miaka sita, alikuwa jikoni anakula kiazi kitamu kilicholala. Ndipo sauti ya mwanamume ikabisha hodi nje.

Ngendo aliijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya mumewe Gachanja, aliyekamatwa Aprili ya hamsini na nne, serikali ya kikoloni ilipowasomba wanaume wa Kikuyu, na kupakiwa kwenye lori na wenzake kama magunia ya mkaa, akapelekwa kizuizini, Wamboi akiwa na miaka miwili tu. Miaka minne na zaidi! Ngendo akaukimbilia mlango. Kabla hajaufikia ukasukumwa.

Sasa nyumba zile za laini zilikuwa na milango mifupi, mtu mzima haingii bila kuinama. Gachanja alivua kofia, akainama. Basi kitu cha kwanza mtoto alichokiona cha baba yake hakikuwa uso, kilikuwa kisogo. Na kisogoni, chini kidogo ya nywele zilizonyolewa zote, palikuwa na kovu pana kama kiganja, jekundu, lililovutika pande mbili kama midomo.

"Maitu," Gachanja alisema akiwa bado ameinama, "maitu, hujambo?"

Maitu ni kusema mama yangu. Wamboi alipewa jina la mama mzazi wa Gachanja, na kwao mwanamume hamtaji kwa jina mtoto aliyebeba jina la mama yake. Alimwita hivyo tangu siku aliyozaliwa. Lakini mtoto angekumbuka wapi?

"Irimu!" Wamboi alipiga kelele iliyowatoa majirani. "Mama, irimu! Ana mdomo wa nyuma! Usimwangalie!"

Akamrushia kile kiazi, akampita katikati ya miguu, akatokomea kwenye ukungu.

Walimkuta chini ya kitanda cha jirani yao Selpha, mama mmoja kutoka upande wa Kisumu, ameshika mguu wa kitanda kwa mikono miwili, anatetemeka. Hakutoka. Selpha alipoona hali ile akasema, "Mama Wamboi, mwache alale hapa kwangu leo. Kesho atazoea." Kesho ikafika, hakuzoea.

Kama hujui irimu ni nani, irimu ndiye zimwi la Wakikuyu. Anaweza kuwa kijana mzuri wa kupendeza, meno meupe, maneno matamu, lakini kisogoni ana mdomo wa pili uliofichwa, na huo ndio wa kulia watu. Wakati wa gathano, watoto wanapokaa karibu na moto kwa sababu ya baridi, ndipo nyanya na mama zao huwasimulia habari za marimu wanaotembea ndani ya ukungu. Kila nyumba ina irimu wake. Ni hofu tamu, mtoto anatetemeka huku anaomba umwongezee. Ila hofu ya Wamboi haikuwa na utamu wowote.

Na siku zilikuwa zinahesabika. Gachanja alikuwa na karatasi mfukoni inayomruhusu kukaa shambani hadi Jumamosi, basi. Jumamosi adhuhuri alitakiwa awe njiani kwenda Gatundu kuripoti kwa chifu, na huko ndiko angeishi, kwa sababu mwenye shamba hakutaka mtu aliyetoka kizuizini alale kwenye laini zake. Mpango ulikuwa waende wote watatu. Ngendo alishaanza kufunga vyombo. Lakini Gachanja, akiwa ameketi kwenye kigoda jioni ile ya Jumanne, alisema kwa sauti ya chini, "Mtoto akinikataa, nitakwenda peke yangu. Sitambeba mtoto analia njia nzima kana kwamba nimemwiba. Mtabaki hapa, wewe una kazi, yeye ana shule."

"Hutaenda peke yako!" Ngendo alifoka. "Nimekungoja miaka yote hii ili uniambie nibaki na kazi? Kazi!"

Gachanja alikunja tu karatasi yake. Na hilo pia lilimkera Ngendo, wallahi lilimkera. Mume aliyeondoka alikuwa mtu wa kubishana naye hadi majirani wacheke. Huyu aliyerudi alisimama kabla ya kunywa maji na kusema, "Naomba ruhusa ninywe." Ndani ya nyumba yake! Ngendo akamjibu, "Kunywa, nani amekukataza?" halafu akatoka nje akaupiga teke mtungi mtupu, kidole kikamuuma siku mbili.

Jumatano alifanya ujinga. Alikwenda kwa Selpha, akamvuta Wamboi kwa mkono kutoka chini ya kitanda, akamburuta hadi nyumbani na kumsukuma mapajani mwa Gachanja. "Huyu ni baba yako! Msalimie!" Mtoto akamwuma baba yake mkononi, meno yakazama. Gachanja hakuuondoa mkono. Alikaa hivyo hivyo akiumwa, anamtazama mtoto, mpaka Wamboi mwenyewe akachoka akaachia na kukimbia. Selpha aliyekuwa mlangoni akasema, "Mama Wamboi, wewe nawe! Mtoto si mbuzi wa kuburutwa." Ngendo angemjibu, lakini aliona damu kwenye mkono wa mumewe, akaenda kutafuta kitambaa.

Usiku ule hakulala kwa kuwaza. Nani amemtia mtoto wangu woga wa namna hii? Nani?

Alhamisi asubuhi jibu likaja lenyewe. Omondi, mtoto mkubwa wa Selpha, alikuwa anakunywa chai mlangoni. Akasema, "Mama Wamboi, ni kile kitabu. Mwalimu anatusomea kitabu cha zimwi wa msituni. Kina picha."

"Kitabu gani?"

"Cha shule. Zimwi ana nywele mpaka hapa, amebeba mtoto kwenye gunia."

Ngai, Mungu wangu! Ngendo hakungoja amalize. Alikitupa kikapu cha kuchumia pale pale. Mwanzia, nyapara wa kikosi chake, alimwona anapita akamwuliza anakwenda wapi saa ya kazi. Ngendo akamwambia, "Niandike nimekufa," akapita.

Shule ya shamba ilikuwa banda moja la mabati, na mwalimu mmoja, Tobias, kijana mrefu kutoka Maragoli, mwenye shati jeupe lililofuliwa mpaka likawa jepesi kama karatasi. Watoto walikuwa wanaimba hesabu ya mbili. Ngendo akaingia bila hodi.

"Wewe mwalimu! Kitabu cha zimwi kiko wapi?"

Kuimba kukakatika. Tobias aliweka chaki mezani. "Mama, karibu. Tutoke nje tuongee."

"Sitoki! Unawasomea watoto kwamba baba zao ni mazimwi, halafu unataka tutoke nje kama watu wenye heshima? Kitoe hapa nikione!"

Tobias aliwaambia watoto wakacheze. Walipotoka, akafungua sanduku, akatoa kijitabu chembamba chenye jalada la njano. Hakikuwa na jina la mwandishi. Kilikuja tu kutoka mjini, nakala kumi na mbili zimefungwa kwa kamba, na agizo kwamba kisomewe watoto kila Ijumaa. Ngendo hakujua kusoma sana, lakini picha haihitaji shule. Palikuwa na mwanamume mwenye nywele ndefu zilizosokotana, meno kama ya mbwa, na mkono wa mtoto unatoka kwenye gunia lake. Chini yake pameandikwa maneno makubwa, na Tobias akamsomea alipoambiwa asome: ukimwona huyu, mtoto mwema, mbio kamwambie chifu.

"Na wewe ukawasomea."

"Nimesoma mara mbili," Tobias alisema. "Mkaguzi anakuja na anawauliza watoto kama wamesomewa. Nina mke na watoto wawili nyumbani, mama. Sikuwa na ujasiri. Nakwambia ukweli, sikuwa nao."

"Basi mtoto wangu amemkimbia baba yake kwa sababu ya ujasiri wako uliopotea! Amemwuma! Amerudi juzi kutoka kizuizini, na mwanawe anamwita irimu kwa sababu yako!" Ngendo alikikwapua kile kijitabu, akakichana vipande viwili, vinne, vinane, akavitupa chini na kuvikanyaga.

Tobias aliviangalia vile vipande. Hakukasirika. Akasema polepole, "Hicho nitasema kimeliwa na panya, hilo si neno. Lakini Mama Wamboi, Wamboi wako hakukiogopa kitabu hiki. Alicheka."

"Alicheka nini?"

"Nilipoonyesha picha, watoto wengine walifunga macho. Yeye akasimama, akaniambia, mwalimu, huyu si irimu. Irimu hana nywele ndefu. Irimu amenyolewa safi. Anakuja gathano, asubuhi, mlangoni kabisa, si msituni. Anajua jina lako. Anakuambia kwa upole, mimi ni baba yako, nifungulie. Na ukimwamini ukamfungulia, atainama kuingia, na hapo utaona mdomo wake wa nyuma. Darasa zima liliogopa, hata mimi nilisisimka. Nikamwuliza, umeyapata wapi hayo? Hakusema. Aliweka kidole mdomoni."

Ngendo aliinama, akaanza kuokota vipande alivyovikanyaga. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Irimu yule hakutoka kwenye kitabu cha njano. Alitoka kinywani mwake.

Hebu nieleze, maana si haki kumhukumu mtu bila kujua alikuwa wapi. Mwaka wa hamsini na tano, gathano vilevile, ukungu vilevile, kwenye laini palikuwa na mama mmoja jina lake Magdalene, mkarimu, mume wake yuko msituni na wapiganaji. Jioni moja walikuja wanaume wawili mlangoni kwake, nywele ndefu, makoti yananuka moshi, wakasema wametumwa na mumewe. Akawafungulia, akawapa uji. Asubuhi yake wakarudi. Walewale! Wamenyoa, wameoga, wamevaa kaptula za serikali, wanacheka. Wakamchukua Magdalene, na hakurudi.

Wiki mbili baadaye wakafika kwa Ngendo. Sauti nje, katika ukungu wa jioni: "Ngendo, ni mimi Gachanja. Nimetoroka. Mwamshe Wamboi aje anione." Ngendo alijua papo hapo kwamba ni uongo, kwa kuwa Gachanja hangemtaja mama yake kwa jina hivyo hata angekuwa anakufa. Lakini mtoto wa miaka mitatu alisikia neno Gachanja akaruka kitandani akielekea mlangoni, "Baba! Baba!" Ngendo akamdaka, akamziba mdomo kwa mkono, akamkandamiza kifuani wakati wale watu wanazunguka nyumba wakiita kwa upole. Walizunguka muda mrefu. Walipoondoka, mtoto alikuwa amelegea, na kidogo tu angekata pumzi.

Sasa wewe ungefanya nini? Ungemwambia mtoto wa miaka mitatu kwamba kuna askari wanaojifanya baba yake? Kesho yake angemwambia nyapara, na nyapara angemwambia mkubwa wake. Mtoto hana kufuli mdomoni. Basi Ngendo akamtungia irimu. Irimu anayefanana na baba. Irimu aliyenyolewa, anayekuja hata mchana, anayejua majina yenu wote. Kila gathano alimsimulia tena, na kila mwaka akamwongezea kitu: mwaka huu mdomo, mwaka ule meno, mwaka mwingine irimu akawa anaweza kumeza sauti ya mama mtu na kuongea nayo. Aliijenga hadithi ile kama boma la miiba, na ikawakinga. Watu wale walirudi mara mbili zaidi, na mara zote mbili Wamboi alilala kimya kama jiwe. Kitu kimoja tu Ngendo hakukiweka: mlango wa kupitia baba mwenyewe akirudi kweli. Neno maitu hakumfundisha, kwa kuogopa lingemtoka mbele ya watu. Akafunga kila upande, akasahau kwamba kuna mtu alimtaka aingie.

Aliondoka shuleni bila kuaga. Alimkuta Gachanja nyuma ya nyumba anashona kile kikapu cha kuchumia alichokitupa yeye asubuhi, akasimama mbele yake na kumwambia yote, haraka haraka, kwa hasira, kana kwamba ni yeye aliyekosea.

Gachanja aliweka sindano chini. Na hapo, mabibi na mabwana, yule mume wa kuomba ruhusa ya maji akapotea.

"Kila asubuhi," alisema, "kila asubuhi walitupanga mstari wakatuambia sisi ni wanyama. Semeni, sisi ni wanyama. Mimi nikawaza, haidhuru, nyumbani kuna mtoto ambaye hajaambiwa hivyo. Nilipigwa rungu hapa kisogoni kwa kukataa kusema neno hilo! Kumbe huku wewe unamfundisha aliseme!"

"Nilimfundisha kuishi! Ungetaka nifungue? Ungekuja kukuta nini hapa, makaburi mawili?"

"Ungemwambia kuna baba mwingine, wa kweli!"

"Na angewaambia wao! Unajua miaka ile ilivyokuwa huku? Wewe ulikuwa ndani ya seng'enge, na sisi pia tulikuwa ndani ya seng'enge, ila yetu haikuwa na waya!"

Wakazozana hadi Selpha akaja na kuondoka. Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo baya zaidi, maana ugomvi wenye mkosaji mmoja huisha. Mwishowe Gachanja akachukua kofia yake. "Jumamosi nakwenda peke yangu," akasema. "Sitamlaumu mtoto. Hadithi imemshika."

Ijumaa jioni Ngendo alijaribu kurekebisha. Alikwenda kwa Selpha, akaketi karibu na moto na watoto, akaanza hadithi mpya. Hapo zamani palikuwa na irimu aliyechoka kula watu, akaoshwa mtoni Chania, mdomo wake wa nyuma ukafunga, akawa mtu mwema kabisa. Omondi na wadogo zake walisikiliza. Wamboi alimtazama mama yake kwa macho makubwa, halafu akasogea nyuma ya Selpha.

"Ni yeye amekutuma useme hivyo," alisema. "Ameshameza sauti yako."

Ngendo alirudi nyumbani akilia kwa hasira, na hasira zenyewe sasa hazikuwa na pa kwenda. Angemgombeza nani? Mwalimu? Serikali iko mbali, haisikii. Mtoto alikuwa amefanya kila kitu alichofundishwa, tena vizuri kuliko mtu mzima.

Jumamosi ukungu ulianza kupasuka mapema, saa tatu hivi. Gachanja alifunga blanketi lake kwa kamba, akatoka. Alikwenda kwanza kwa Selpha kumshukuru kwa kumtunza mtoto, akasimama uani, mbali na mlango, ili asimtishe. Ngendo alikuwa nyuma yake na maneno elfu kooni. Gachanja alipovua kofia na kuinama kuaga, akamwona Wamboi anachungulia kutoka nyuma ya kanga ya Selpha, uso umekauka kwa woga, na akaona anachokitazama ni kisogo kile. Akachoka. Akachoka na marimu, na ukungu, na kunong'ona.

"Wamboi," alisema. "Njoo nikuambie kitu."

"Ni mchana, mama," mtoto alisema. Hadithi za marimu hazisimuliwi mchana, kila mtoto anajua hilo.

"Ndiyo, ni mchana. Kwa sababu hii si hadithi." Akamshika Gachanja bega. "Keti chini." Gachanja akaketi juu ya debe lililopinduliwa. "Huu si mdomo. Nilikudanganya. Hapa alipigwa. Kuna mahali walimfungia, watu wengi, na kila siku waliambiwa waseme uongo juu yao wenyewe. Baba yako alikataa. Wakampiga rungu hapa, akaanguka, kidonda kikaoza kwa sababu hakupewa dawa, kikapona vibaya hivi. Irimu niliyekuambia, hayuko. Nilimtunga mimi. Walikuwa wanakuja watu kudanganya kwamba ni yeye ili watuchukue, nami nikaogopa kwamba ukijua utasema."

Selpha aliguna, "Mama Wamboi, taratibu, ni mtoto." Ngendo hakumsikiliza. Alisema yote, na sauti ilikuwa yake mwenyewe, kali, ya kila siku.

Wamboi akaiachia kanga ya Selpha. Alikuja hatua moja moja, akipitia kwa nyuma, macho hayabanduki kwenye kovu. Gachanja alikaa bila kugeuka, mikono juu ya magoti, pumzi zinapanda na kushuka. Mtoto akanyoosha kidole, akakiingiza katikati ya kovu, pale palipozama, akakisukuma kwa nguvu, akapapasa upande huu na upande ule.

"Hamna meno," alisema.

"Hamna," Gachanja alisema.

"Aliyekupiga alikuwa irimu?"

"Alikuwa mtu."

"Ana watoto?"

"Anao wawili. Siku moja waliletwa kumwona pale kambini. Walimkimbilia, wakamrukia shingoni."

Kidole cha Wamboi kilikuwa bado kwenye kovu. Kisha uso wake ukakunjamana, na Ngendo akadhani ni kilio cha woga kinarudi. Haukuwa woga. Mtoto aligeuka, akamrukia mama yake, akampiga ngumi tumboni, mbili, tatu, kwa nguvu zake zote.

"Ungeniambia!" alipiga kelele. "Ungeniambia! Mimi ningenyamaza! Mimi najua kunyamaza! Walikuja nikanyamaza!"

Na ni kweli. Alikuwa na miaka minne, na mitano, na watu wenye bunduki wanazunguka nyumba, na hakukohoa. Ngendo alisimama akapokea ngumi zote. "Nisamehe," alisema, na neno hilo lilimtoka kwa shida kama jino. Gachanja aliinuka akataka kumshika mtoto, halafu akaurudisha mkono.

"Mwache anipige," Ngendo alimwambia. "Nimestahili."

Wamboi alipochoka, alifuta kamasi kwa mkono. Akaenda akashika ncha ya blanketi la baba yake. Hakumshika mkono, alishika blanketi tu, na Gachanja akasimama wima bila kuthubutu kusogea.

"Tunaenda wote?" Wamboi aliuliza.

"Ukitaka, maitu."

"Kwa nini unaniita hivyo?"

Akamwambia kwa nini. Wamboi alifikiri, akasema, "Sawa."

Ngendo alichukua vyombo, Selpha akamtwika, wakashika njia ya kutoka shambani. Mwanzia alikuwa amesimama kwenye lango na askari mmoja wa shamba, ili kuhakikisha kwamba mtu wa kizuizini anaondoka kweli. Walipokaribia, Wamboi akamtazama mama yake kutoka upande wa pili wa baba, bado ana hasira, macho mekundu.

"Nani mwingine walimpiga?" aliuliza.

"Tukifika mbele, nita…"

"Sasa."

Ngendo alitazama lango. Miaka minne alikuwa amenong'ona. Akaurekebisha mzigo kichwani, akaanza kutaja majina ya watu wa laini zile na walichofanyiwa, jina moja baada ya jingine, kwa sauti ya juu kabisa, akapita katikati ya Mwanzia na askari yule bila kupunguza, na mtoto akiyarudia nyuma yake.